Zoezi Linaloimba

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu hudhani kwamba mazoezi ya piano ni ya kulainisha vidole tu. Mimi sikubali. Mwaka 1833 Frédéric Chopin, Mpoland aliyekaa Paris, alichapisha mazoezi 12. Katika lile la tatu mkono wa kulia una kazi mbili: vidole vya mwisho, vilivyo dhaifu, huimba wimbo juu, na vingine huusindikiza chini kwa upole. Vyote vikipiga kwa nguvu moja, wimbo hufa. Basi kidole kinyonge ndicho kinachobeba wimbo, nasi hatuna budi kukisikiliza. Ndugu zangu, tusiyapige mazoezi kama adhabu. Uzuri hautungoji tumalize kujifunza. Umo ndani ya zoezi lenyewe.