Kuandika Mambo ya Kwenu: Anzia Kabatini kwa Bibi

Wengi wanaoanza kuandika mambo ya kwao hukimbilia mada pana: utamaduni wa Waswahili, mila za Wasambaa, historia ya Mombasa. Baada ya aya mbili maneno yanawakauka, kwa sababu mada yao haina mtu ndani. Chukua kitu kimoja kinachoshikika, ambacho mwenyewe yu hai, kisha uliza mpaka uchoke.

Tuseme umechagua khanga. Usituambie kwamba ni vazi la heshima, hilo tunalijua. Mwombe bibi au shangazi afungue kabati, atoe doti zake moja moja. Kila moja iulizie: alinunua au alipewa? Na nani, kwa shughuli gani? Jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, lilikuwa linamlenga nani? (Hapo mtacheka, maana nyingine zilivaliwa makusudi ili jirani asome.) Kwa nini hii haijakatwa wala kupindwa hadi leo? Tazama pindo, tazama mji wa katikati, usisahau maandishi madogo ya ukingoni. Pwani ya Kenya huenda ukakuta K.H.E. – Mali ya Abdulla, alama ya duka la Mombasa lililoanza 1887.

Khanga hizohizo zitakuokoa kwenye jambo linalowatoa jasho wanaoanza, yaani miaka. Mzee ukimuuliza mwaka, atakisia ili akuridhishe. Muulize kwa matukio. Doti hii aliipata kabla ya Mapinduzi ya Zanzibar? Vita vya Kagera vilimkuta wapi? Mvua za El Niño zilipopiga, alikuwa ameshahamia hapa? Hiyo 1964, 1978 na 1997 utaijaza mwenyewe baadaye. Na doti yenye sura ya Obama haiwezi kuwa ya harusi ya 1985, hata aape.

Nenda alasiri, kazi za nyumbani zikishapungua. Peleka sukari na majani ya chai. Ukitanguliza pesa utauziwa hadithi. Omba ruhusa kabla ya kurekodi, redio izimwe, simu iwekwe mkekani karibu naye. Rekodi maneno machache ya kujaribu, usikilize, ndipo muanze. Akinyamaza, nyamaza nawe. Mara nyingi lile la maana huja baada ya kimya. Usiku huohuo andika yale ambayo simu haikuyanasa: alicheka wapi, doti ipi aliirudisha kabatini haraka.

Ukikaa kuandika, mfuate Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Kitabu chake, Desturi za Wasuaheli, kilichapwa 1903, na bado kina faida kwa sababu kinaeleza nani hufanya nini, kwa utaratibu upi, na ada gani hutolewa. Msomaji akishajua hayo, sifa atazitia mwenyewe. Wala usimsafishie bibi lugha. Kama anasema Kimvita au Kimakunduchi, mwache aseme. Neno gumu lifafanue mara moja, uendelee.

Yapo yasiyoandikwa. Mafundisho ya unyago na jando yana wenyewe, na si kila unachokisikia umepewa uwatangazie watu. Ukiambiwa “hili liishie hapa,” zima simu, na usilipenyeze baadaye kwa mafumbo. Kabla hujatoa maandishi yako, rudi ukamsomee yote, na umuulize kama jina lake litajwe. Hapa naomba usifanye haraka: jambo moja la mke mwenza aliyekwisha kufa laweza kuwasha ugomvi wa ukoo mzima.

Wazee wawili wakitofautiana, weka kauli zote mbili, kila moja na mwenyewe. Na maandishi yakishatoka, atatokea mtu wa kusema “sivyo ilivyokuwa.” Usibishane naye. Muulize anapatikana siku gani, ununue sukari nyingine.