Mteja Akijua ni Feki, Bado Unashtakiwa?

Una duka, unauza mikoba yenye nembo ya Gucci kwa shilingi 3,000, na mteja anajua ni kopi. Usitegemee hilo. Sheria ya Kenya ya Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008 humshika pia muuzaji, si mtengenezaji peke yake. Hata kuianika dukani ni kosa. Kubadilisha herufi moja? Ujanja huo hauendi mbali. Kosa la kwanza ni kifungo hadi miaka 5, au faini isiyopungua mara 3 ya bei ya rejareja kwa kila kipande, au vyote viwili. Mikoba 10: angalau 90,000! Na malipo ya simu huacha rekodi. Mahakama ikiagiza, tunazitoa. Msambazaji akikataa kukupa risiti yenye jina lake, usimtumie pesa.