Tangi Lifunikwe: Kijitabu kwa Kaya za Noonkopir

Chanzo cha maji ya kijani

Katika Noonkopir na mitaa mingine ya Kitengela, ambako kaya nyingi hutegemea visima virefu, maboza na maji ya mvua yanayokingwa kwenye mabati, tangi linaloachwa wazi huingiza mwanga wa jua unaokuza mwani, yaani ule utelezi wa kijani unaoganda kutani, na kwa uwazi huo huo huingia vumbi, kinyesi cha ndege na mbu wanaotaga mayai. Tangi lifunikwe. Gunia si mfuniko, wala bati lililoegeshwa kwa jiwe si mfuniko, na tangi la chini ya ardhi lisilo na kufuli linaweza kumzamisha mtoto hata likiwa na maji machache.

Kuosha

Kuongeza maji ya boza juu ya maji ya kijani ni kuharibu maji yaliyonunuliwa. Maji ya zamani yatolewe yote, kuta na sakafu zisuguliwe kwa brashi yenye mpini mrefu na kusuuzwa, kisha zipakwe mchanganyiko wa kipimo kimoja cha klorini ya majimaji isiyo na manukato, yaani dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, kwa vipimo kumi vya maji. Baada ya nusu saa zisuuzwe mara mbili, na tangi lifunikwe siku hiyo hiyo.

Hatari

Klorini isichanganywe kamwe na asidi ya kusafishia choo, kwa kuwa hutoa hewa ya sumu. Mtu asishuke kwenye tangi la chini ya ardhi, ambamo hewa inaweza kuwa haifai kuvuta, bali kazi hiyo iachiwe mafundi wenye vifaa. Pampu ya petroli isiwashwe humo, kwani moshi wake huua. Na aliyezimia ndani asifuatwe na jirani mwenye huruma, maana mwokoaji naye huanguka.

Maji ya kunywa

Hata tangi likiwa safi, maji ya kunywa yachemshwe.

Meno ya watoto

Kuchemsha hakuondoi floridi, madini yaliyomo katika visima vingi vya eneo hili ambayo hutia meno rangi ya kahawia. Hivyo maji ya mvua, yakiwa yamekingwa baada ya paa kuoshwa na mvua ya kwanza na tangi likiwa limefunikwa, yawekewe watoto wadogo.

Ploti za kupanga

Mwenye ploti ateue mtu mmoja wa kushika ufunguo wa mfuniko na kuukagua kila wiki, kwa sababu tangi la watu wote ndilo linalokutwa wazi. Lifunikwe.