SOMO LA VIKUNDI: TUPANGE SAFARI YA MSITU WA NYANDARUA



Mwaka ukikaribia kwisha, vikundi vingi hupenda kufanya safari pamoja. Hilo ni jambo zuri. Mtu aliyelima miaka ishirini chini ya mlima anastahili kwenda kuona maji anayokunywa yanatoka wapi. Lakini safari isiyopangwa huleta hasara, na mara nyingine huvunja kikundi. Tunajua kikundi cha akina mama kilichokaa kwa umoja miaka minane, kikagawanyika kwa sababu ya pesa za basi. Hakuna aliyeziiba. Hazikuandikwa tu, na kila mmoja akabaki na hesabu yake kichwani.

Katika somo hili tumechukua mfano wa Mbuga ya Kitaifa ya Aberdare, huko Nyeri na Nyandarua. Lisomeni katika mikutano miwili: sehemu ya 1 hadi ya 3 mkutano wa kwanza, na zilizobaki mkutano wa pili. Anayejua kusoma awasomee wengine pole pole, na kila sehemu ijadiliwe kabla ya kuendelea.

1. KWANZA TUULIZANE: TUNAENDA KUFANYA NINI?

Swali hili linaonekana dogo, lakini ndilo linaloamua mengine yote. Wengine watasema, "Tunaenda kuona ndovu." Wengine, "Tunaenda kupumzika, tumechoka na jembe." Yote ni kweli. Lakini kama kikundi kina shida ya maji, au kuni zimekuwa mbali, basi safari ya msitu inaweza kuwa shule. Katibu aandike lengo kwa sentensi moja ambayo kila mwanachama anaweza kuirudia. Kwa mfano: "Tunaenda kuona jinsi msitu unavyotunza maji, ili tujue la kufanya kwenye chemchemi yetu."

Mkishakuwa na lengo, mtajua ni nani aende hata kama nafasi ni chache, na mtajua mtauliza nini mkifika.

2. TUFAHAMU MAHALI TUNAPOKWENDA

Milima hii Wakikuyu huiita Nyandarua, wakiufananisha mgongo wake na ngozi iliyotandazwa kukauka. Mbuga ilitangazwa mwaka 1950, na ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 770. Kilele chake kirefu, Satima, kinafika karibu mita 4,000 juu ya bahari. Cha pili ni Kinangop, mita 3,906.

Ukipanda kutoka shambani unapita ngazi kama za nyumba. Chini kuna msitu mzito wa miti ya kienyeji kama mitarakwa. Juu yake kuna mianzi. Ukipita mianzi unatoka kwenye uwanda wa nyasi, baridi na ukungu, wenye mimea ya ajabu kama lobelia iliyo ndefu kumpita mtu. Udongo wa huko juu ni kama sifongo. Mvua ikinyesha haikimbii yote. Inanywewa, kisha inaachiliwa kidogo kidogo hata wakati wa kiangazi.

Maji hayo yanaenda wapi? Mito Gura na Chania ya upande wa Nyeri huungana na maji ya Tana, na Tana ndiyo huzungusha mitambo ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mto Thika hujaza bwawa la Ndakaini, ambalo linanywesha Nairobi. Upande wa magharibi, Malewa huteremka hadi Ziwa Naivasha. Basi mama anayefungua mfereji Nairobi na mama anayechota kwa ndoo Othaya wote wanakunywa kutoka mlima mmoja. Ndani ya mbuga kuna maporomoko ya Karuru, yanayoshuka kwa ngazi tatu, jumla mita 273.

Wanyama wapo: ndovu, nyati, kifaru mweusi, chui, fisi, mbega, nguruwe mkubwa wa msituni, na bongo, ambaye ni adimu sana. Lakini msitu si kama uwanda wa Maasai Mara. Mnyama anaweza kuwa hatua kumi kutoka kwako na usimwone. Waambieni wanachama mapema, wasije wakarudi wakinung'unika.

Msitu huu pia una historia yetu. Wapiganaji wa Mau Mau waliishi humo miaka ya hamsini. Wanakijiji walilazimishwa kuchimba handaki kando ya msitu ili wapiganaji wasipate chakula. Dedan Kimathi alikamatwa pembeni mwa msitu karibu na Nyeri mwezi Oktoba 1956, akanyongwa Februari 18, 1957. Na ni humo humo, katika hoteli ya Treetops, Malkia Elizabeth alipolala usiku ule wa Februari 1952 baba yake alipofariki. Kama kijijini kwenu yuko mzee au nyanya anayekumbuka handaki lile, mwombeni awasimulie kabla ya safari. Hayo hamtayapata kwa mtu mwingine.

3. MBUGA SI SAWA NA MSITU WA SERIKALI

Hapa watu wengi huchanganya. Mbuga iko chini ya Shirika la Wanyamapori (KWS). Humo hakuna kuokota kuni, kulisha ng'ombe wala kukata mwanzi. Msitu unaoizunguka uko chini ya Shirika la Misitu (KFS). Katika msitu huo jamii inaweza kupata kibali cha kuokota kuni au kulisha mifugo kwa kujiunga na chama cha jamii cha msitu. Vyama hivyo viliingizwa katika sheria ya misitu ya mwaka 2005, na vikaendelea katika sheria ya 2016.

Vyote viwili vimezungukwa na ua wa umeme wa karibu kilomita 400, ulioanza kujengwa 1989 na kumalizika 2009. Kabla ya ua, ndovu mmoja angeweza kumaliza mahindi ya mwaka kwa usiku mmoja. Wanaoishi kando ya msitu wanajua tofauti.

Lakini ua hauzuii kila kitu. Ripoti ya uchunguzi wa kutoka angani iliyotolewa mwaka 2003 ilionyesha miti ya kienyeji iliyokatwa ovyo, matanuri ya makaa, na mashamba ya bangi ndani ya msitu. Februari 2022 moto uliteketeza sehemu ya nyanda za juu. Na mwaka 2024 kulikuwa na mabishano makubwa juu ya kuweka lami barabara ya Ihithe hadi Ndunyu Njeru inayopita mbugani, hata mambo yakafika mahakamani. Mkulima wa viazi anataka njia fupi ya soko. Anayelinda msitu anaogopa kile ambacho barabara itafungulia. Wote wawili wana hoja. Mkienda, jioneeni wenyewe ndipo mzungumze.

4. WAKATI NA NJIA

Mvua ndefu ni Machi hadi Mei, na fupi ni Oktoba hadi Desemba. Wakati huo barabara za ndani huwa tope, na gari la kawaida hukwama. Januari na Februari, au Juni hadi Septemba, ni afadhali. Kumbukeni lakini kwamba Julai ni baridi kali.

Milango ya mbuga hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Kwa safari ya siku moja chagueni upande mmoja tu. Mkitaka Karuru na uwanda wa juu, pitieni lango la Kiandongoro kutoka Nyeri, au Mutubio kutoka upande wa Ndunyu Njeru. Mkitaka wanyama wa msitu wa chini, ulizeni juu ya milango ya upande wa mashariki. Kujaribu kuona yote kwa siku moja ni kushinda garini.

Wiki mbili kabla, mwenyekiti awasiliane na ofisi ya mbuga iliyoko Mweiga. Aulize mambo manne: hali ya barabara, aina ya gari linaloweza kupita, ada za siku hizo, na kama kuna askari wa kuwaongoza.

5. PESA

Hapa ndipo vikundi huanguka, kwa hiyo tuende pole pole.

Kuna gharama za aina mbili. Ya kwanza ni ile isiyobadilika, kama kukodi gari. Ya pili hufuata idadi ya watu, kama ada ya mlangoni na chakula. Tuchukue hesabu ya mfano tu. Basi la shule limekodiwa kwa Sh. 30,000. Wanachama 30 wamejiandikisha, kila mmoja atoe 1,000. Siku ikifika, 6 hawakuja. Gari bado ni 30,000. Sasa wale 24 ni lazima watoe 1,250 kila mmoja. Hiyo 250 ndiyo huleta ugomvi njiani.

Kwa hiyo kubalianeni hivi, na muandike:

- Jina halihesabiwi mpaka nusu ya pesa ilipwe. Tarehe ya mwisho iwe mwezi mmoja kabla.
- Asiyekuja bila sababu nzito harudishiwi pesa za gari. Anaweza kutuma mtu mwingine badala yake.
- Mweka hazina atoe risiti, hata kwa dada yake.
- Pesa zilizotumwa kwa simu ziandikwe kitabuni siku hiyo hiyo.
- Tengeni kidogo kwa dharura, kama sehemu moja kwa kumi.

Pesa za mikopo zisiguswe hata kidogo. Hizo ni za mama anayengoja zamu yake anunue mbuzi, au alipe karo. Safari ichangiwe peke yake, polepole, hata Sh. 50 kwa wiki. Na kama kuna mjane au mzee asiyeweza, kikundi kiamue wazi kumsaidia. Asiachwe aone aibu, akose kuja mkutanoni.

Juu ya gari: lioneni kwa macho kabla ya kulipa. Toeni sehemu tu, muandikiane mapatano, nyingine siku ya safari. Kikundi kimoja tunachokijua kilimtumia dalali pesa zote. Siku ilipofika walisimama sokoni na vyakula vyao mpaka saa 4, na gari halikuja.

Ada ya mbuga siku hizi hailipwi kwa pesa mkononi langoni. Hulipwa kupitia eCitizen, na gari nalo lina ada yake. Chagueni kijana mmoja anayeelewa simu alipe mapema mbele ya mweka hazina, na ahifadhi uthibitisho. Kila mtu mzima abebe kitambulisho, kwa sababu bila hicho huwezi kulipa kiwango cha raia.

6. SIKU YENYEWE

Mavazi: sweta nzito, koti la mvua, kofia, na viatu vilivyofungwa. Juu kule jua linaweza kuwaka saa 4 na mvua ya mawe ikanyesha saa 8. Wenye ugonjwa wa moyo, pumu au shinikizo la damu, na akina mama wajawazito, waulize zahanati kwanza, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi.

Chakula: pikeni nyumbani. Githeri, chapati, ndizi, na chai kwenye thamosi ni nyingi na bei nafuu. Msibebe maji ya chupa za plastiki za kutupwa wala sahani za plastiki. Tangu Juni 5, 2020 zimepigwa marufuku katika mbuga. Bebeni jagi na vikombe vya nyumbani.

Mbugani: hakuna kushuka garini ila mahali palipoonyeshwa. Hakuna kuwasha moto, kupiga kelele, kulisha nyani wala kung'oa mmea, hata kama ni dawa ya nyanya. Mkitembea kwa miguu, fuateni askari. Nyati aliye peke yake hana mzaha.

Wapeni watu watatu kazi: mmoja ahesabu watu kila mnaposhuka na kupanda, mmoja abebe dawa za huduma ya kwanza, na mmoja aandike yaliyosemwa.

7. TUKISHARUDI

Ndani ya siku saba mweka hazina asome hesabu yote mbele ya wanachama, mpaka shilingi ya mwisho. Kisha msikilize aliyeandika, na mchague kazi moja tu ya kufanya. Inaweza kuwa kuzungushia ua chemchemi, kuondoa mikaratusi karibu nayo na kupanda miti ya kienyeji, kupanda nepia kwenye kingo za matuta, au kujenga meko ya kuokoa kuni. Profesa Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe chini ya milima hii hii mwaka 1940, alianza na vitalu vya miche vya akina mama wa vijijini. Hakungoja wafadhili wakubwa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Chemchemi au mto wetu ulikuwaje tulipokuwa watoto? Nini kilibadilika?
2. Kuni tunazopika nazo leo zimetoka wapi? Kuna kibali?
3. Barabara ya lami ikipita msituni, nani atafaidika? Nani atapoteza?
4. Ni nani kwetu hawezi kulipia safari hii, na tutafanya nini juu yake?
5. Tukirudi, kazi yetu moja itakuwa ipi, na nani ataisimamia?

Mkimaliza majibu, yaandikeni kitabuni pamoja na tarehe ya mkutano unaofuata. Safari njema, na mrudi nyote.