Dondoo muhimu: Faili la mgonjwa lisipotee

Makosa mengi huanzia mapokezi. Kituo kimoja kinaweza kuwa na kina Asha Juma kadhaa, kwa hiyo chukua majina matatu, mwaka wa kuzaliwa, kijiji au mtaa, na namba ya simu. Muulize mgonjwa kama amewahi kutibiwa hapo, na utafute kwanza kabla ya kufungua faili jipya. Mgonjwa mwenye mafaili mawili yuko hatarini: mzio wa penisilini ulioandikwa kwenye lile la zamani, daktari wa leo hatauona. Mzio uandikwe kwa wino mwekundu juu ya jalada.

Kwenye masjala, panga mafaili kwa tarakimu mbili za mwisho za namba ya faili. Namba 10457 inakaa rafu ya 57. Mafaili mapya yatasambaa rafu zote badala ya kurundikana upande mmoja. Faili likitoka, acha kadi mahali pake: nani kalichukua, kalipeleka wapi, saa ngapi.

Ukikosea kuandika, piga mstari mmoja, andika lililo sahihi, weka saini na tarehe. Usifute wala kuchana ukurasa.

Kwenye kompyuta, kila mtumishi atumie nywila yake mwenyewe. Umeme ukikatika, jaza fomu za karatasi, na ziingizwe siku hiyohiyo.

Picha za faili zisitumwe kwenye makundi ya WhatsApp, hata ya wafanyakazi. Kwa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.