Saratani ya Mlango wa Kizazi na Kinga Tunayoirithi

Tuchukue mfano wa ndugu wawili wa kike, wa baba mmoja na mama mmoja, wanaofika kliniki mjini Tukuyu. Mama yao alifariki kwa saratani ya mlango wa kizazi. Mkubwa anauliza kama ugonjwa huu umo katika damu ya ukoo wao. Mdogo hasemi neno, kwa kuwa amekwisha kuamini kwamba zamu yake itafika. Mhudumu akijibu kwamba saratani hii hairithiwi, bali huletwa na virusi, atakuwa amesema kweli, lakini jibu lake halijakamilika.

Virusi hivyo ni vya papiloma, yaani HPV, na aina ya 16 na ya 18 ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hii. Wanawake wengi walio katika ndoa au mahusiano hupata HPV wakati fulani, na kwa walio wengi mwili huiondoa katika muda wa miaka miwili hivi. Wachache hubaki nayo. Kwa nini hawa na si wale?

Sehemu ya jibu imo katika kromosomu ya 6, mahali zilipo jeni za HLA. Jeni hizi hutengeneza protini zinazofanya kazi kama sinia: hubeba vipande vya virusi hadi juu ya seli na kuvionyesha kwa chembe za kinga. Masinia hayafanani. Lipo linaloshika vizuri vipande vya HPV 16, na lipo linaloviacha vipite bila kuonekana. Utafiti uliofanyika Uswidi na kwingineko umeonyesha mara kwa mara kwamba wenye aina ya HLA-DRB1*13 hupata saratani hii kwa uchache, ilhali baadhi ya aina za DRB1*15 huambatana na hatari iliyoongezeka. Lakini matokeo hayo yametokana zaidi na wanawake wenye asili ya Ulaya. Waafrika wana anuwai kubwa ya jeni hizi, hivyo si busara kuichukua orodha ya Uswidi na kuipachika Rungwe kama ilivyo.

Turudi kwa wale ndugu. Kila mmoja alipokea nusu ya HLA yake kwa mama na nusu kwa baba. Uwezekano wa wao kufanana kabisa ni asilimia 25, wa kuchangia nusu ni asilimia 50, na wa kutofanana hata kidogo ni asilimia 25. Kwa hiyo hata ndani ya nyumba moja kinga hutofautiana. Takwimu za Uswidi zinaonyesha kwamba mwenye mama au dada aliyeugua ana hatari inayokaribia maradufu. Sehemu ya ongezeko hilo hutokana na mazingira wanayoshiriki, wala si jeni peke yake. Maradufu si hukumu.

Kuna jambo zito zaidi ya jeni, nalo ni VVU. Mkoa wa Mbeya ni miongoni mwa mikoa yenye kiwango kikubwa cha maambukizi nchini, na mwanamke anayeishi na VVU ana hatari takriban mara sita ya kupata saratani hii. Sinia likiwa zuri namna gani, haliwezi kusaidia iwapo chembe zinazopaswa kulitazama zimepungua. Mabadiliko ambayo kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kuwa saratani, kwake yanaweza kuchukua miaka 5 hadi 10.

Kipimo cha HLA hakihitajiki kliniki, kwa sababu matokeo yake hayatabadili huduma. Kinachohitajika ni uchunguzi wa mlango wa kizazi, ama kwa kipimo cha HPV ama kwa siki, ambayo hugeuza sehemu yenye mabadiliko kuwa nyeupe. Sehemu hiyo mara nyingi hutibiwa siku ileile. Shirika la Afya Duniani linashauri kuanza katika umri wa miaka 30, na miaka 25 kwa anayeishi na VVU. Mabinti wa miaka 9 hadi 14 hupewa chanjo ya HPV, ambayo Tanzania iliieneza nchi nzima mwaka 2018 na tangu 2024 hutolewa kwa dozi moja.

Yule mdogo aliyenyamaza aulizwe umri wake na lini alipima VVU mara ya mwisho, kisha achunguzwe leo hii, kabla hajapanda gari kurudi kijijini.