Kuacha Pombe na Kutoirudia: Mafunzo ya Vyombo Vinne

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, kwamba pombe ni haramu kila mmoja wetu analijua tangu madrasa. Lakini tukiwa wakweli, wapo kati yetu hapa chuoni wanaokunywa, na wapo wengi zaidi waliokwisha kukusudia kuacha mara tatu au nne, kisha wakarudi. Hao hawahitaji kusomewa tena hukumu. Swali lao ni jingine: nitaachaje, na nikiacha nitadumuje? Darsa hii inawahusu wao, na inatuhusu sisi tunaoswali nao safu moja bila kujua.

Moyo kwanza, kisha amri

Bi Aisha (r.a.), katika riwaya iliyopokewa na Bukhari, alieleza kwamba sura za mwanzo kushuka zilitaja Pepo na Moto. Watu walipotulia katika Uislamu ndipo zikashuka halali na haramu. Akasema kwamba lau jambo la kwanza kushuka lingekuwa kukatazwa ulevi, watu wangekataa katakata kuuacha.

Tazama mpangilio wenyewe. Katika An-Nahl (16:67), iliyoshuka Makka, matunda ya mtende na mzabibu yanatajwa, na kileo kinatengwa na riziki njema. Katika Al-Baqara (2:219) watu wanaambiwa kuwa ulevi una madhara makubwa kuliko manufaa yake. Katika An-Nisaa (4:43) wanakatazwa kuikaribia swala wakiwa wamelewa. Fikiri maana yake kwa mtu mwenye swala tano: mchana wote umefungwa, kwa kuwa kati ya Adhuhuri na Isha hapana nafasi ya kulewa na kulevuka. Swala iliubana ulevi kabla ulevi haujakatazwa kabisa. Mwisho ikashuka Al-Maida (5:90-91), inayotaja uadui, chuki na kuzuiwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu, kisha inawauliza waumini kama watakoma. Umar (r.a.) akajibu kuwa wamekoma. Anas bin Malik (r.a.), aliyekuwa akiwahudumia watu kinywaji cha tende nyumbani kwa Abu Talha, alisimulia jinsi mpiga mbiu alivyosikika na pombe ikamwagwa mpaka ikatiririka katika njia za Madina.

Hapa pana kosa la kuepuka. Asiseme mtu, "Basi na mimi nitaacha kwa hatua, mwaka huu nitapunguza tu." Hukumu imekwisha kukamilika, na mlango wa hatua umefungwa. Tunachojifunza ni kwamba waliomwaga siku ile moja walikuwa wamejengwa kwa miaka. Mwenye kutaka kuacha ajenge kilicho nyuma ya uamuzi wake: swala, elimu, na kumjua Mola wake. Azma peke yake ni nguzo isiyo na msingi.

Vyombo vinne

Walipokuja wajumbe wa kabila la Abdul Qays kwa Mtume (s.a.w.), aliwafundisha imani, swala, zaka, saumu ya Ramadhani na kutoa khumsi ya ngawira. Kisha akawakataza vyombo vinne: dubbaa, yaani kibuyu, hantam, mtungi wa udongo, naqir, shina la mtende lililochongwa likawa tungu, na muzaffat, chombo kilichopakwa lami. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Kibuyu kina kosa gani? Wanazuoni wameeleza kwamba vyombo hivyo huchachusha kinywaji haraka, na mtu anaweza kunywa kilichokwisha kuwa kileo bila kujua. Tena watu walikuwa ndio kwanza wametoka katika ulevi, na vyombo vile walivizoea kwa kazi hiyo. Baadaye, katika hadithi ya Buraida iliyomo katika Sahih Muslim, Mtume (s.a.w.) aliruhusu kunywa katika vyombo vyote, maadamu kinywaji chenyewe hakilevyi.

Ndugu msomaji, lipime jambo hili. Mtu aliyetoka juzi katika ulevi hakuambiwa tu asinywe. Aliondolewa hata kile kinachomkumbusha. Moyo ulipoimarika, chombo kikarudi kuwa chombo.

Nasi tuna vyombo vyetu. Hapa mashariki ya Uganda, malwa hunywewa kwenye chungu kimoja, watu wamekizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu, maji ya moto yakiongezwa juu ya wimbi. Kinachomvuta mtu pale si pombe peke yake. Kuna mazungumzo, mzaha, wazee, na kujiona ni mmoja wa watu. Mwingine chombo chake ni chumba cha rafiki siku ya Ijumaa usiku, au kibanda cha kutazamia mpira, au siku ya kupokea fedha za matumizi, au sherehe za ukoo wakati wa imbalu ambapo kukataa pombe huonekana ni kukataa jamaa.

Serikali zetu nazo zimejaribu njia hii. Tanzania ilipiga marufuku pombe ya viroba mwaka 2017, na Uganda ikapiga marufuku waragi wa pakiti mwaka 2019. Pakiti ilikuwa rahisi, ikaingia mfukoni hata darasani. Kuiondoa kuna faida, lakini anayetaka kunywa bado anaijua chupa. Chombo huvunjwa ili moyo upate nafasi ya kupona, hakiponyi moyo.

Basi chukua karatasi uandike vyombo vyako vinne: mahali, saa, watu na hali ya moyo. Kwa kila kimoja andika utakachofanya badala yake. Kama ni usiku wa Ijumaa, uwe umekwisha kupanga utakuwa wapi kabla ya Alasiri. Kama ni fedha, mpe ndugu unayemwamini akuwekee. Yule aliyeua watu mia, katika hadithi mashuhuri, hakuambiwa na mwanachuoni atubu tu. Aliambiwa pia ahame mji wake aende kwa watu wema.

"Swala yangu haikubaliwi siku arubaini"

Maneno haya nimeyasikia zaidi ya mara moja, na yamewatoa vijana wengi msikitini. Hadithi ipo, ameipokea Tirmidhi na wengineo: anayekunywa ulevi haikubaliwi swala yake asubuhi arubaini. Mtu akiisikia husema, "Basi niswalie nini? Nitarudi zikiisha." Siku arubaini bila swala ni siku arubaini bila kinga, na kabla hazijaisha amekwisha kunywa tena.

Wanazuoni, akiwemo Imam Nawawi, wameeleza kwamba kutokubaliwa katika hadithi za namna hii maana yake ni kukosa thawabu. Faradhi yenyewe hubaki palepale, na akiiswali inamwondokea. Kuiacha swala ni dhambi nyingine, tena kubwa. Na riwaya hiyohiyo inaendelea kusema kwamba akitubu, Mwenyezi Mungu humpokea toba yake. Kwa hiyo ndugu, kama jana ulikunywa, leo oga uje uswali. Usimwachie shetani vyote viwili.

Akiteleza ndugu yako

Katika Bukhari imo habari ya sahaba aliyeitwa Abdullah, ambaye alikuwa akimchekesha Mtume (s.a.w.). Aliletwa kwa kosa la kunywa zaidi ya mara moja, na kila mara akaadhibiwa. Mtu mmoja akamlaani. Mtume (s.a.w.) akamkataza, akasema kuwa mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Katika riwaya nyingine aliwakataza watu wasimsaidie shetani dhidi ya ndugu yao.

Adhabu haikufutwa, na mapenzi hayakukanushwa. Sisi mara nyingi tunafanya kinyume: hatumsaidii, ila tunamtangaza. Anayekuja kukueleza siri yake amekupa amana. Usiipeleke kwa viongozi wa jumuiya wala kwenye kundi la simu. Mwamshe Alfajiri, kula naye chakula cha jioni, mpigie saa ile anayoiogopa.

Tahadhari ya afya

Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku akikata ghafla, mwili unaweza kutetemeka, kutoka jasho, kukosa usingizi, hata kupata degedege au kuweweseka ndani ya siku mbili tatu. Hali hiyo huweza kuua. Haitibiwi kwa ruqya peke yake. Huyo apelekwe hospitali aachishwe chini ya uangalizi wa daktari, kwa dawa. Hospitali ya Butabika jijini Kampala ina kitengo cha waraibu wa pombe na dawa za kulevya. Kutafuta tiba ni Sunna, na hakupunguzi tawakkul.

Maswali ya halaqa

1. Taja chombo kimoja ambacho jumuiya yetu inaweza kumsaidia mwanafunzi kukivunja. Tutaweka nini mahali pake siku ya Ijumaa usiku?
2. Kuna tofauti gani kati ya kumsitiri mkosaji na kuinyamazia dhambi?
3. Utamjibu nini anayesema ataacha kidogo kidogo kwa sababu Qur'ani ilishuka kwa hatua?

Mwenyezi Mungu awathibitishe waliotubu, awafungulie mlango wanaotamani kutubu, na atujaalie tuwe ndugu wa kushikana mikono, si wa kunyoosheana vidole. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.